Filamu ya Vikaragosi Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kisa cha Safari kwa Watoto Wadogo

Mtoto wa miaka minne hajali kama kikaragosi kimeshonwa kwa soksi au kwa manyoya ya bei ghali. Yeye anatazama macho. Macho yakimwangalia anayeongea, yakamgeukia anayejibu, yakashtuka mlango ukigongwa, basi huyo kwake ni mtu kamili, na mkono ulio ndani yake keshausahau. Kermit, chura maarufu kuliko wote kwenye runinga, alishonwa mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake Jim Henson, mtengenezaji wake, na macho yake yalikuwa mpira wa ping-pong uliokatwa katikati. Hakuna kitu hapo ambacho huwezi kukipata kwenye mitumba na dukani kwa Mpemba.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kisa, macho na mazoezi ya mkono, na mengine yatapita haraka. Lengo ni filamu ya dakika 6 hadi 8, ya watoto wa miaka 3 hadi 6, inayopigwa kwa simu na familia ya watu wanne au watano. Tenga wikiendi tatu: moja ya kisa na kushona, moja ya mazoezi, moja ya kupiga picha. Uhariri utaufanya jioni za katikati ya wiki. Ukijaribu kubana vyote kwenye wikiendi moja, kitakachokatwa ni mazoezi, na mazoezi ndiyo filamu yenyewe.

Hatua ya kwanza: kisa

Safari ya mtoto mdogo haianzi na ufalme ulio hatarini. Inaanza na kitu chake. Filamu ya mwaka 1999 ya Elmo, kikaragosi mwekundu wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, ile anayokwenda hadi nchi ya viumbe wanaonuna na kupenda takataka, imejengwa yote juu ya blanketi lake lililopotea. Blanketi tu. Mtoto anayetazama anajua uchungu wa blanketi, lakini ufalme hajawahi kuumiliki.

Kwa hiyo chagua kitu kimoja kinachopotea, kidogo, chenye rangi kali, kinachoshikika. Hilo la kushikika usilidharau. Wengi hukimbilia ndala iliyopotea, wakati kikaragosi kwenye picha hana miguu, ataivaa wapi? Mimi nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: Mboni, msichana mdogo, hanywi uji bila kijiko chake chekundu. Asubuhi moja kunguru anatua dirishani, anakidaka, anaruka nacho. Mboni na Babu Kobe wanatoka kukitafuta.

Kunguru nimemchagua kwa makusudi. Watoto wa Dar es Salaam na Unguja wanamfahamu kwa wizi wake. Ndege huyu wa asili ya Bara Hindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo hakuna sabuni wala samaki aliyeanikwa aliye salama. Kama unaishi Mwanza au Kisumu, tafuta mwizi wa kwenu. Tumbili anafaa. Mbuzi wa jirani anafaa zaidi, maana yeye hakiibi kijiko, anakitafuna.

Vituo viwe vitatu, visizidi. Kwa Mboni: chini ya mwembe, kwa muuza vitumbua, kisha pwani kwenye kiota. Kila kituo kina mtu mmoja wa kusaidia na kikwazo kimoja. Muuza vitumbua awe binadamu wa kweli, shangazi au jirani mwenye uso mchangamfu, kwa sababu mtoto humwamini kikaragosi haraka zaidi anapomwona mtu mzima akiongea naye bila kucheka. Na Mboni akifika pale aanze na “Shikamoo, shangazi.” Bibi yeyote atakayekaa kutazama na wajukuu atalisikia pengo la salamu kabla hajasikia kitu kingine.

Sasa mwisho. Usimpige mwizi. Watoto wa umri huu wanapenda haki kuliko adhabu, na haki inayowaingia ni ile ya kugawana. Kwenye kiota Mboni anakuta kinda mwenye njaa, na kunguru alikuwa anatafuta kitu cha kumlishia. Babu Kobe anatoa upawa wa kifuu alioubeba mgongoni tangu mwanzo (uonyeshe kwenye picha ya kwanza kabisa, usiuzungumzie). Kunguru anapata kijiko kikubwa kuliko alichoiba. Wote wanaridhika, na mtoto anayetazama atakwambia, “Mimi niliuona ule upawa!”

Kuhusu hofu. Safari isiyo na hofu ni matembezi, lakini hofu ya mtoto wa miaka mitatu ina kipimo chake. Vitu vitatu humwangusha: sauti ya ghafla, giza, na mzazi kutoweka. Usitumie viwili kwa pamoja. Filamu ile ya Elmo ina mbinu ninayoipenda: Bert na Ernie, vikaragosi wenzake, husimamisha filamu mambo yanapochacha, wakazungumza na watazamaji, kisha hadithi ikaendelea. Unaweza kufanya hivyo kwa gharama sifuri. Kunguru anapofunika skrini kwa mbawa zake, Babu Kobe anageukia kamera na kusema, “Watoto, huyu ni kelele tu. Meno hana.” Tukio la kutisha lisipite sekunde 20, na humo ndani pawe na uso mmoja uliotulia.

Hatua ya pili: maneno

Andika skripti fupi. Sentensi ya kikaragosi isizidi maneno manane au tisa, kwa kuwa kikaragosi hakina misuli ya uso. Akiongea mfululizo anageuka redio. Vichekesho viwe kwenye tofauti ya wahusika, si kwenye utani wa watu wazima. Hivi:

MBONI: Babu, kimbia! Anatuacha!
BABU KOBE: Nakimbia, mjukuu wangu.
MBONI: Mbona uko palepale?
BABU KOBE: Ndizo mbio zangu hizi.

Mistari minne, wahusika wawili umeshawajua, na mchezeshaji wa kobe hana kazi ngumu zaidi ya kutokusogea.

Weka mstari mmoja unaorudi kila kituo. Kwa Mboni ni “Kijiko changu kiko wapi?” Mara ya tatu watoto watausema kabla yake. Kila mara anapowauliza watazamaji kitu, acha sekunde tatu za kimya huku macho yake yakiwa yamekaza kwenye kamera. Sekunde tatu ukiwa unahariri huonekana ndefu mno, na kidole kitakuwasha kuzikata. Ziache. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji muda wa kusikia, kutafuta, kisha kunyoosha kidole.

Kama una bibi au babu nyumbani, mpe ufunguzi. “Paukwa!” anasema yeye, vikaragosi wanaitikia “Pakawa!” na filamu imeanza bila kuhitaji maelezo.

Hatua ya tatu: kumtengeneza Mboni

Mtoto chini ya miaka sita atengeneze kikaragosi cha soksi. Soksi ndefu, vifungo viwili, nyuzi za sufu kichwani, yamekwisha. Hao watakuwa majirani na wateja wa vitumbua. Mhusika mkuu amtengeneze mtu mzima, kwa sponji.

Nenda kwa fundi makochi umwombe masalia ya sponji yenye unene wa sentimita 2. Wengi huyatupa au hukuuzia kwa bei ya soda. Yeye huyohuyo anaweza kukugawia gundi ya sponji. Ukikosa, gundi ya viatu inafanya kazi. Gundi hizi harufu yake ni kali, kwa hiyo paka nje kwenye upepo, na watoto wakae mbali mpaka ikauke.

Kata kipande cha sponji chenye urefu wa sm 45 na kimo cha sm 22. Kwenye ukingo wa juu kata pembetatu tano zilizopangana bega kwa bega, kila moja upana wa sm 9 na kina cha sm 7. Sasa paka gundi kwenye kingo zote unazotaka kuunganisha, pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haishiki kidole, kisha bana. Gundi ya aina hii ikishikana haikupi nafasi ya kusahihisha, hivyo anza na ncha za pembetatu na ushuke polepole. Ukimaliza kuziba pembetatu na kuunganisha mgongo utakuwa na kichwa chenye utosi wa mviringo na shingo iliyo wazi. Kikiwa na mabonde, punguza kwa mkasi mkali, kidogokidogo.

Mdomo. Kata kadibodi ngumu ya umbo la yai, urefu sm 18 na upana sm 11, ukunje katikati ya urefu. Upande wa ndani bandika kitambaa chekundu au cheusi; upande wa nje bandika lastiki, moja ya vidole vinne juu na moja ya dole gumba chini, ili mdomo usikuponyoke ukiwa kazini. Kisha kwenye kichwa pima sm 7 kutoka chini, ukate mstari wa mlalo upande wa mbele unaozunguka kidogo zaidi ya nusu ya kichwa. Gundisha ukingo wa juu wa kadibodi kwenye sponji ya juu na wa chini kwenye ya chini. Ingiza mkono. Ukibana na kufungua, taya ya chini ishuke bila kuvuta utosi. Kama utosi unavutika, ongeza ule mkato sentimita moja kila upande.

Ngozi yake iwe blanketi laini la mtoto la mtumba, au sweta ya manyoya mafupi. Vitambaa hivi vinavutika na vinaficha mishono. Kitenge hakivutiki, nacho kiwekee gauni. Mshono mkuu uwe kisogoni. Rangi usiiige ya binadamu. Mboni wa zambarau au wa machungwa anakaa vizuri zaidi mbele ya ukuta wa nyumba zetu kuliko wa kahawia, na anamfaa kila mtoto atakayemtazama.

Sasa pumzika, maana macho hayafanywi na mtu aliyechoka.

Nusu mbili za mpira wa ping-pong ni nzuri. Vifuniko vyeupe vya chupa za maji vinafaa pia. Usivigundishe kwanza. Vishikize kwa pini, simama mita mbili, tazama kupitia simu na si kwa macho yako. Yaweke karibu na mdomo na karibu yenyewe kwa yenyewe. Macho yaliyoachana sana humfanya kikaragosi aonekane ana usingizi. Kisha mboni nyeusi: kata duara mbili za karatasi nyeusi zenye upana wa sm 1 hivi, uzishikize kwa gundi ya muda au utepe wa kubandika. Ukiziweka katikati kabisa ya kila jicho, kikaragosi anatazama ukuta ulio mbali. Zisogeze kidogo kuelekea pua, zote mbili kwa kipimo kimoja. Ghafla utaona anakutazama wewe. Tofauti ni milimita 2 au 3 tu, lakini ndiyo inayotenganisha mhusika na toy. Piga picha kila unaposogeza, ulinganishe, uchague, ndipo ugundishe.

Mkono mmoja wa Mboni unganisha na spoku ya baiskeli. Kunja ncha yake kwa koleo ili isichome, ipake rangi nyeusi isiyong’aa, ncha ya pili itie kwenye kipande cha mti kiwe mpini. Mkono wa pili ushone tu mwilini, au uutie mfukoni mwa gauni. Vikaragosi vingi vya Henson hutumia zaidi mkono wa kushoto, na sababu si fumbo: mchezeshaji anatia mkono wake wa kulia, ulio hodari, kichwani, na wa kushoto unabaki wa kushika fimbo. Kwako itakuwa hivyohivyo, kwa hiyo kijiko chekundu kishikwe kushoto.

Babu Kobe ni rahisi kuliko unavyodhani. Gamba lake ni kawa, ile ya kufunikia chakula, tena ikiwa imechakaa ndiyo bora. Kichwa ni soksi ya kijivu iliyojazwa kidogo, macho yenye kope za kitambaa zilizofunika nusu ya juu. Kope nusu humpa uzee bila mvi. Kunguru umkate kwa kadibodi na kitambaa cheusi, shingo umfunge kijivu kama kunguru wa kweli, na jicho lake ulizungushie duara jeupe, la sivyo kwenye picha atakuwa doa jeusi.

Kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, kila kinachoweza kung’oka na kumezwa kishonwe, kisigundishwe tu.

Hatua ya nne: mkono ujifunze kuongea

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo filamu za nyumbani huanguka. Weka simu juu ya meza, washa kamera ya mbele, kaa chini, inua kikaragosi juu ya kichwa chako na utazame skrini, usikitazame kikaragosi. Wachezeshaji wa runinga hufanya kazi macho yakiwa kwenye monita, kwa sababu wanachohitaji kujua ni anachokiona mtazamaji. Caroll Spinney, aliyekuwa ndani ya Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano wa Sesame Street, kwa karibu miaka 50, alifunga monita ndogo kifuani ndani ya manyoya, maana hakuwa na njia nyingine ya kuona nje. Zingatia kwamba kamera ya mbele ya simu hugeuza picha kama kioo. Siku ya kupiga utatumia ya nyuma, na kushoto kutakuwa kulia. Fanya mazoezi ya namna zote mbili.

Kosa la kwanza la kila mkono mpya ni kurusha vidole vinne juu, kichwa kikafunguka kama kifuniko cha sanduku. Vidole vinne vitulie, dole gumba lishuke. Binadamu huongea kwa taya ya chini.

La pili ni kufunga mdomo kwenye neno badala ya kufungua. Kiswahili kimetupendelea hapa: silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, hivyo kila silabi ni mfunguo mmoja. Ki-ji-ko, mara tatu. Ba-bu, mara mbili. Ugumu uko kwenye m na n zinazosimama peke yake: katika “mtu” mdomo unabaki umefungwa kwenye m, kisha unafunguka kwenye tu, “nne” vilevile. Hesabu moja hadi kumi na kikaragosi kila asubuhi unaposubiri chai, na ukifika nne usidanganye.

Akiongea haraka huwezi kufungua kila silabi kwa ukubwa uleule, ataonekana anatafuna. Fungua sana kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale mkazo unapokaa, na nyingine ziguse tu. “Kijiko changu kiko wapi” inakuwa ji, cha, ki, wa. Jaribu mbele ya kioo na utaona sentensi ikipata uhai.

Akinyamaza asife. Mtu anayesikiliza hupumua, huinamisha kichwa, hutazama chini anapofikiri. Inua kikaragosi sentimita moja polepole kabla hajaongea, hiyo ndiyo pumzi yake. Kutembea: aingie kutoka pembeni ya fremu akidunda kidogo kwa kila hatua, asichomoze kutoka chini, labda awe anapanda ngazi. Kutazama: kwanza macho yageuke, ambayo kwake ni kichwa kizima, kisha mwili ufuate.

Mkono wa mtu mzima uliozoea huanza kutetemeka baada ya dakika mbili tatu ukiwa juu. Panga vipande vifupi, watu wapumzike. Mtoto wa miaka mitano mpe kipande cha sekunde kumi na soksi yake, naye atakuwa bora kuliko wewe.

Hatua ya tano: kupiga picha

Jukwaa ni kamba na khanga mbili zilizofungwa kwa kimo kinachopita kidogo kichwa cha aliyekaa kwenye mkeka. Wachezeshaji nyuma, kamera mbele, lenzi ikiwa usawa wa macho ya kikaragosi. Ukipiga kutoka juu, kila mhusika anakuwa mwanasesere. Ukingo wa chini wa fremu ndio unaoficha mikono, hivyo khanga unaihitaji tu pale kamera inapovuta nyuma. Kwa picha za karibu unaweza kutumia ukuta wa uani, kingo ya dirisha, hata ndoo zilizopangwa. Mwembe ni lokesheni ya bure yenye kivuli laini.

Piga nje kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Jua la saa sita huchimba vivuli chini ya macho na kufuta kazi yote ya milimita mbili. Ndani, kaa karibu na dirisha. Ukilazimika kutumia taa za umeme, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa; kwenye video utaona mistari inayotembea. Kwenye mipangilio ya kamera chagua fremu 25 kwa sekunde, au kama simu inaruhusu kuweka mwendo wa shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga kwa kila picha), weka 1/50 ya sekunde. Funga pia fokasi na mwanga kwa kubonyeza skrini na kushikilia, vinginevyo kila kunguru mweusi akipita picha itapauka. Simu ikae kwenye stendi. Mikono ya wote ina kazi nyingine.

Sauti ina ugomvi wake. Feni izimwe, friji ichomolewe (weka funguo za nyumba ndani yake ili usisahau kuichomeka tena), na ratiba izingatie adhana, kengele na vespa ya jirani. Simu ya pili irekodi sauti ikiwa imefichwa nyuma ya khanga, sentimita 30 kutoka midomo ya wachezeshaji, na mpige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila kipande ili baadaye uoanishe sauti na picha. Maongezi nashauri yarekodiwe palepale, kwa kuwa wachezeshaji huchekeshana na ule mwitikio haurudi tena chumbani. Wimbo tu ndio urekodiwe kabla.

Kuhusu wimbo, epuka kuchukua unaovuma. Ukiupakia mtandaoni unaweza kuzuiwa au mapato kwenda kwa mwenye haki. Tumieni nyimbo za jadi za michezo ya watoto. Ziimbeni wenyewe kwa makofi na kigoma.

Kila tukio lipige mara tatu: pana tukiwaona wote, karibu kwa Mboni, karibu kwa anayeongea naye. Kisha piga ziada za macho tu, Mboni akitazama kushoto, kulia, juu, kamera, sekunde tano kila moja, bila maneno. Hizo ndizo zitakazookoa kila pengo utakalolikuta kwenye uhariri. Kuruka kwa kunguru kusikuumize kichwa: mfunge kwenye mti mrefu, mtu ampitishe mbele ya anga huku mwingine akilia “kwaa” kwa nguvu.

Hatua ya sita: uhariri

Programu ya bure ya simu kama CapCut inatosha. Kwanza oanisha sauti, kisha panga vipande virefu bila madoido, utazame mzima. Kipande kimoja kikae sekunde nne hadi saba; watoto wadogo hawahitaji kasi, wanahitaji kujua wako wapi. Kila mnapohamia kituo kipya anza na picha pana. Mkono ukionekana kwa bahati mbaya, kuza picha kidogo, au weka ile ziada ya macho juu yake.

Muziki uwe chini ya maongezi kabisa, na kwenye tukio la kunguru uuondoe badala ya kuuongeza. Kimya kinatosha kumtisha mtoto, na hakimshtui.

Hatua ya saba: kuonyesha

Tundika shuka jeupe, azima projekta, au unganisha simu na runinga. Waite watoto wachache, wakiwamo wasioshiriki kutengeneza. Wewe kaa pembeni, uwatazame wao. Wakigeuka kuzungumza, andika dakika na sekunde. Hapo ndipo pa kukata. Wakijificha nyuma ya mama, punguza. Wakijibu kabla Mboni hajauliza, pongezi. Hariri tena kwa yale uliyoyaona, usihariri kwa ushauri wa mashemeji.

Ukitaka kuipakia YouTube, utaulizwa kama video ni ya watoto. Jibu ndiyo, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Maoni yatafungwa na matangazo ya kumlenga mtu binafsi hayatawekwa, jambo ambalo kwa filamu kama hii ni afadhali. Nyuso za watoto wa jirani zisiingie bila wazazi wao kukubali, na raha ya vikaragosi ni kwamba mtoto anaweza kuigiza filamu nzima sura yake isionekane. Kwa maonyesho ya hadharani yenye kiingilio, Tanzania uliza kwanza Bodi ya Filamu, Kenya uliza bodi yao ya kuainisha filamu.

Vikaragosi vihifadhiwe ndani ya foronya safi, mbali na jua, maana sponji hukauka na kumomonyoka. Usimbane Mboni mdomo, mjaze soksi moja kinywani ili umbo libaki. Babu Kobe mrudishie mama kawa yake kama uliahidi. Na kabla hujawaruhusu watoto waguse, ongeza mishono miwili kwenye kila bawa la kunguru, kwa sababu filamu ikiisha huyo ndiye watakayemgombania wa kwanza.